Kujibizana Mbele ya Watu Wengi

Saa nne ya usiku, siku ya Jumatano, mama mmoja wa kwaya aliandika katika grupu la WhatsApp la parokia neno fupi: fedha za vitambaa vya kwaya ziko wapi? Alikuwa na haki ya kuuliza, maana naye alitoa mchango wake. Lakini mtunza sanduku, ambaye neno lilimhusu, alikuwa amekwenda kijijini kwa matanga ya baba yake mkubwa, mahali pasipo na rezo. Kabla ya usiku wa manane majibu yalifika thelathini; asubuhi yakapita mia. Mmoja alisema amemwona na viatu vipya. Mwingine akafufua habari za mwaka uliopita. Wa tatu akatuma sauti yake ya dakika sita, ambayo wengi waliisambaza kwa wengine bila kuisikiliza hata mwisho. Jumamosi mtu yule akarudi, akafungua telefone yake njiani, akasoma yote akiwa amesimama. Jumapili alileta hati za dukani, zote, wala haikukosekana faranga moja. Akamkabidhi padri, akaenda kukaa benchi la nyuma. Hata leo hajarudi kuimba.

Hatutaji parokia, na hakuna haja. Wasomaji wengi watadhani ni yao. Sisi wenyewe tulikuwamo katika grupu lile. Tulisoma, tukanyamaza, tukalala. Kwa hiyo hatuandiki haya kama waamuzi waliokaa juu ya kiti.

Wako wanaosema kwamba ubaya huu umeletwa na chombo, kwamba watu waliingia katika mambo haya ya mtandao bila kupewa sheria yoyote. Si kweli. Sheria zipo, tena za siku nyingi. Mwezi wa Oktoba mwaka 1995, bibi mmoja aitwaye Sally Hambridge, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Intel, aliandika kwa niaba ya kundi moja la chama cha mafundi wa intaneti, IETF, karatasi juu ya adabu ya mtandao. Imewekwa katika safu ya karatasi zao kwa namba 1855. Ina sehemu tatu: ya mtu anayemwandikia mtu mmoja, ya mtu anayewaandikia wengi, na ya vyombo vya kutolea habari. WhatsApp ilikuwa haijazaliwa bado. Ilitokea mwaka 2009. Siku zile watu walijadiliana kwa barua zilizotumwa kwa orodha ndefu ya majina, au katika vikundi vya habari ambavyo kila mtu aliweza kuvisoma. Hata hivyo, kanuni nyingi ambazo viongozi wa magrupu wetu hubandika leo, bila kujua zimetoka wapi, zilikwisha kuandikwa katika karatasi ile. Basi yafaa tuitazame, tuseme ni nini ndani yake kinachotufaa, na ni nini kisichotutosha.

Kanuni ya kwanza tunayoisifu ni ile ya usiku mmoja. Karatasi inashauri kwamba mtu akipata neno linalomchoma moyo, angoje usiku upite kabla ya kulijibu. Hapa msomaji wa Maandiko anaweza kusimama na kuuliza: Je, Mtume Paulo hakuwaonya Waefeso wasiache jua litue wangali na hasira? Mmoja anasema malizeni kabla ya jioni, mwingine anasema ngojeni hata asubuhi, tumfuate nani? Lakini hawapingani. Paulo asema juu ya hasira, karatasi yasema juu ya jibu. Hasira izimwe jioni, jibu litoke asubuhi. Anayejibu saa nne ya usiku ili apate usingizi huwa amejitolea mzigo kichwani mwake na kuutia katika vichwa vya watu mia mbili.

Ya pili ni kwamba mgeni asome mwezi mmoja, hata miwili, kabla ya kuandika neno. Hapa wazee wetu wangekubali mara moja. Mgeni akifika penye barza ya watu, hupiga hodi, hupewa kiti, hunyamaza, hujua nani ni mkubwa hapa, nani ana kilio nyumbani, ni neno gani lisiloguswa. Siku akifungua kinywa, watu husikiliza. Ajabu ni kwamba katika magrupu yetu mgeni mara nyingi hapigi hodi hata akitaka: anaamka asubuhi akikuta amekwisha kutiwa ndani na mtu mwingine, na mazungumzo yamekwisha kuwaka moto. Basi hodi yake na iwe ule ukimya wa siku za kwanza.

Ya tatu huonekana ndogo, lakini kwetu ni kubwa kuliko ilivyokuwa kwa mafundi wale. Karatasi inakumbusha kwamba gharama ya barua ya mtandao hailipwi na mtumaji peke yake kama ile ya posta. Anayepokea naye hulipa sehemu yake. Kwa hiyo inaonya mtu asitume kitu kizito bila kufikiri, na kipimo kilichotajwa ni kilobaiti 50. Kipimo hicho leo chatuchekesha, maana picha moja ya harusi yakipita mara nyingi. Lakini ile hoja haikuzeeka. Mama muuza ndizi anayenunua mega za faranga chache ili asikie habari za mtoto wake aliye mbali, akifungua telefone na kukuta video kumi za mahubiri ambazo hakuziomba, ameibiwa. Tunalisema neno hilo tukijua uzito wake. Aliyemtumia alitaka kumjenga kiroho, na fedha za kujengwa kwake zilitoka mfukoni mwa mama.

Kanuni nyingine zimekufa, wala hatuzililii: mistari isizidi herufi 65, sahihi isizidi mistari minne. Nyingine ni nusu hai. Karatasi inasema herufi kubwa tupu ni kama kupiga kelele. Ni kweli kwa vijana. Lakini katika mashirika yetu wako wazee wanaoandika hivyo kwa sababu macho yamechoka, au kwa sababu shuleni, zamani, waliambiwa herufi kubwa ndizo za heshima. Kijana aliyemjibu babu mmoja kwamba aache kumpigia kelele alikuwa anaijua kanuni, babu hakumjua.

Liko jambo moja ambalo karatasi imekosa kabisa, tukiipima kwa desturi zetu. Inasema watu waepuke kutuma majibu matupu yasiyoongeza kitu juu ya majibu ya wengine. Kwa mafundi wanaojadili namna ya kuunga nyaya, sawa. Lakini kwetu, mtu akitangaza kwamba amefiwa, watu sitini huandika pole, na kila pole ni sawa na ile iliyotangulia. Haiongezi habari yoyote. Je, ni tupu? Muulize mfiwa. Atakutajia waliosema na, kwa uchungu zaidi, wasiosema. Pole ya sitini ni kama mtu wa sitini anayeingia uani na kuketi chini pasipo neno: hakuja kuleta habari, amekuja kuhesabiwa. Hatari yake ni nyingine. Saa ya Misa ya mazishi, iliyoandikwa mara moja tu asubuhi, huzikwa chini ya zile pole, na watu hufika makaburi yakiwa yamekwisha kufunikwa. Kiongozi mwenye akili huirudia saa ile jioni, wala hawakatazi watu kulia.

Haya yote ni pembeni. Kiini ni kile kilichompata mtunza sanduku: mtu anapoona kosa la mwenzake, alinene wapi, mbele ya nani, na kwa utaratibu gani?

Karatasi ya mwaka 1995 ina jibu, nalo si baya. Inasema ukijikuta unabishana na mtu mmoja, mwandikie yeye mwenyewe, usiendelee mbele ya kundi; na kama jambo lina faida kwa wote, baadaye wape muhtasari. Msomaji Mkristu ataona hapa kivuli cha sura ya 18 ya Mathayo, ambapo Bwana Wetu aliweka ngazi tatu: kwanza wewe na ndugu yako peke yenu, kisha na mashahidi mmoja au wawili, mwisho Kanisa lote. Usiku ule wa Jumatano ngazi ilipandwa kichwa chini. Tulianza na Kanisa lote, mashahidi wakajileta wenyewe, na mtu mwenyewe akaambiwa wa mwisho.

Lakini mbona Paulo hakufuata ngazi hiyo kule Antiokia? Katika barua yake kwa Wagalatia anasimulia kwamba Petro alikuwa akila pamoja na Wakristu wasio Wayahudi; walipokuja watu kutoka kwa Yakobo, akaogopa, akajitenga; naye Paulo akampinga usoni, mbele ya wote. Mkubwa wa Mitume akakosolewa hadharani. Mtu yeyote anayependa kuwaumbua wengine katika grupu hulishika neno hili kama fimbo. Basi linahitaji kuchunguzwa. Na kwa bahati njema, watakatifu wawili walilichunguza kwa barua kwa muda wa miaka kumi hivi, nao wenyewe wakaanguka katika shimo lile lile walilokuwa wakilipima.

Karibu na mwaka 387 Mtakatifu Yeronimo, akikaa Bethlehemu, aliandika maelezo ya barua kwa Wagalatia. Akifuata waalimu wa Kiyunani waliomtangulia, alisema ugomvi wa Antiokia haukuwa wa kweli: mitume wale wawili walifanya kama mchezo, kwa mapatano, ili kuwafundisha watu wa pande zote mbili. Huko Afrika ya Kaskazini Augustino, wakati ule padri wa Hipo, alisoma maelezo hayo akashtuka. Kama Paulo aliandika kwamba Petro alikosa, na kumbe hakukosa, basi Maandiko yana uongo ndani yake, hata kama ni uongo wa nia njema. Na yakiwa na mmoja, nani atatuzuia kusema yana mwingine? Hoja ilikuwa nzito. Mnamo mwaka 394 au 395 alimwandikia Yeronimo.

Barua haikufika. Aliyepewa kuipeleka, jina lake Profuturus, alichaguliwa kuwa askofu kabla ya kusafiri, na baada ya muda mfupi akafa. Miaka michache baadaye Augustino aliandika ya pili, kali zaidi, akimwomba Yeronimo akane maneno yake, kama washairi wa Kiyunani walivyokuwa wakiimba wimbo wa kujikana. Mpelekaji wa mara hii, aitwaye Paulo, aliogopa bahari, hakwenda. Lakini barua ilikwenda. Nakala zake zilisambaa Roma na Italia. Shemasi Sisinnius aliikuta katika kisiwa cha bahari ya Adria pamoja na maandiko mengine ya Augustino. Watu wengi waliijua kabla ya yule aliyeandikiwa. Yeye alifikiwa na nakala isiyo na sahihi, pamoja na maneno ya rafiki wenye bidii, waliomnong'oneza kwamba kijana yule wa Afrika anajitafutia sifa kwa kumpiga mzee.

Ndugu msomaji, hebu simama hapa kidogo. Hakuna mtandao, hakuna telefone, hakuna rezo iliyokatika. Kuna bahari, merikebu na ngozi za kuandikia. Hata hivyo mambo ni yale yale: neno linalomhusu mtu limewafikia wote isipokuwa yeye, nakala haina mwenyewe, wapatanishi wa uongo wametangulia, na mwandishi, huko aliko, hajui kwamba moto umewaka. Augustino aliposikia uvumi kwamba ameandika kitabu juu ya Yeronimo na kukipeleka Roma, alikana kwa haraka. Kwa kweli hakuandika kitabu. Aliandika barua, nayo ikawa kama kitabu kwa sababu ilisomwa na wengi. Sisi tunadhani alikuwa na sehemu ya kosa: barua kali namna ile haikabidhiwi kwa mtu usiyejua kama atapanda merikebu, na nakala zake hazikuruka zenyewe kutoka sandukuni. Wako watakaoona tunamwonea mtakatifu. Yeye mwenyewe aliomba msamaha, nasi hatusemi zaidi ya hapo.

Yeronimo hakuwa mtu wa upole, kila mtu aliyemsoma anajua. Kalamu yake iliuma. Ndiyo maana alivyojibu kwanza kunatustahilisha kutazama. Mwaka 402 aliandika kwamba barua ile amekwisha kuiona, lakini hajibu, kwa sababu hana hakika kama ni ya Augustino. Kama ni yako, alisema, niambie waziwazi, au niletee nakala ya kweli. Tena alikuwa amechelewa kwa sababu ya kumuuguza Paula, mwanamke mtakatifu aliyekuwa mgonjwa. Maneno yake yana miiba, hatukatai. Lakini kanuni yenyewe ni safi: usijibu neno usilojua mwenyewe ni nani. Ingefuatwa leo, nusu ya maneno yanayopita katika magrupu yetu yangekauka kwa kukosa wa kuyajibu. Ujumbe uliopita mikononi mwa watu arobaini hauna mwenyewe. WhatsApp yenyewe iliona hatari hiyo: tangu mwaka 2019 imezuia ujumbe kupelekwa zaidi ya mahali patano kwa mara moja, na mwaka 2020 ikazuia ujumbe uliokwisha kupelekwa mara nyingi usiende zaidi ya mahali pamoja. Kufuli ni nzuri. Anayelipita kwa kunakili maneno na kuyabandika upya atawajibika yeye, si kufuli.

Mwaka 403 Augustino alituma nakala za barua zake za kwanza kwa mkono wa shemasi Sipriano, na mwaka 404 Yeronimo akajibu kwa urefu juu ya Petro na Paulo. Katikati ya mambo hayo Augustino aliandika barua ambayo sisi tunaihesabu kuwa nzuri kupita zote za ugomvi huu. Aliomba msamaha kama alimwumiza. Akalia juu ya Yeronimo na Rufinus, waliokuwa zamani marafiki wa moyo mmoja, na sasa walikuwa wakirushiana vitabu vilivyosomwa kila mahali. Akaona hofu kwamba hata urafiki kama ule waweza kufika hapo. Lakini angalieni: juu ya hoja yenyewe hakurudi nyuma hata hatua moja. Mwaka 405 aliandika tena, kwa heshima yote, kwamba Petro alikosa kweli na Paulo alimwonya kweli. Aliomba radhi kwa namna, alishika neno. Watu wetu mara nyingi hufanya kinyume: wakiaibika huacha neno lote, hata lile lililokuwa kweli, au wakijiona wana kweli hukataa kuomba radhi kwa namna waliyoisema.

Basi, nani alikuwa na haki juu ya Antiokia? Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyekuja miaka mia nane baadaye, aliweka mpaka unaoeleweka na mtu yeyote. Kosa lililofanyika hadharani laweza kuonywa hadharani, maana waliokwazika ni wote na wote wanahitaji dawa. Kosa la siri laanzia sirini. Petro alijitenga mezani, watu wakiona. Hata Barnaba akavutwa. Paulo alisema mbele ya wale wale waliokuwa mezani, akiwa amesimama mbele ya Petro, na Petro akiweza kujibu. Hayo mambo mawili ya mwisho husahauliwa na watu wanaomshika Paulo kama fimbo. Hakumwandikia Petro akiwa kijijini kwenye matanga.

Twajua bei ya kukaa kimya pale inapotupasa kusema mbele ya wote. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa Ebola katika Kivu ya Kaskazini, nayo ikaingia Ituri. Ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu 2,287 kati ya 3,470 walioshikwa. Katika muda huo maneno yalizunguka kwa telefone na kwa kinywa kwamba ugonjwa haupo, kwamba ni biashara ya watu fulani, kwamba anayeingia katika hema za waganga hatoki mzima. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya kutunza wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mkristu aliyesoma uvumi huo katika grupu la shirika lake, akajua si kweli, akamwandikia mtumaji peke yake ili asimwaibishe, alitimiza adabu ya karatasi ya mwaka 1995. Watu wengine wote waliosoma walibaki na sumu. Hapa kanuni ya mafundi haitoshi. Uongo unaoweza kuua ukisemwa mbele ya mia mbili, kweli nayo isemwe mbele ya mia mbili hao hao, kwa upole, kwa kutaja lililo kweli zaidi ya kumtaja aliyekosa, na mtu asisubiri hata asubuhi. Hii ndiyo mara moja tunayoruhusu usiku usingojewe.

Turudi kwa mtunza sanduku. Hakukuwa na uvumi wa kuua mtu. Kulikuwa na swali juu ya fedha. Mama yule angempigia simu. Asipompata, angengoja arudi, maana vitambaa havikuwa vinaoza. Asiporidhika na jibu, angekwenda na mkubwa wa kwaya, kisha kwa padri na baraza la parokia, na hapo hesabu zingesomwa mbele ya wote, jambo ambalo kwa fedha za wote ni haki, tena lingefanywa mapema bila kuulizwa na mtu. Tunasema hivyo kwa makusudi: mahali ambapo hesabu hazisomwi, watu watauliza usiku. Kosa la kwanza katika habari hii huenda ni letu sote tuliopitisha mwaka mzima bila kudai karatasi moja ukutani.

Lakini kosa kubwa zaidi lilikuja baada ya Jumapili. Hati zilionyeshwa kwa padri. Padri aliridhika, alisema neno jema kwa mtu yule, akampa mkono. Na katika grupu? Kimya. Wengine walikuwa wamekwisha kufuta maneno yao mapema, maana tangu mwaka 2017 chombo kinamruhusu mtu kufuta neno lake kwa wote, kabla muda haujapita. Mama wa kwaya alifuta swali. Mwenye habari ya viatu alifuta viatu. Wakadhani wamesafisha. Karatasi ya mwaka 1995 ina kanuni ndogo hapa: mtu akipeleka kwa bahati mbaya mbele ya kundi neno lililokuwa la mtu mmoja, aombe radhi kwa mtu yule na kwa kundi pia. Kama ndivyo kwa bahati mbaya, je, kwa kusingizia? Nyumba haijengwi upya kwa kuokota matofali yaliyoanguka na kuyaficha. Mia waliosoma kwamba aliiba, walisoma mahali gani kwamba hakuiba? Bwana aliamuru mtu aache sadaka yake mbele ya altare, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Jumapili ile tulipanga mstari wa Komunyo pamoja naye, yeye kutoka benchi la nyuma, sisi na telefone zetu mifukoni.

Mtu mmoja wa grupu aliandika kitu, baada ya wiki tatu, saa ya mchana, mistari miwili: hesabu za vitambaa zimeonekana, zote ni sahihi, nami niliyesema kinyume naomba msamaha mbele yenu nyote na mbele yake. Watu wanne walijibu. Hatumtaji, hapendi. Mwenye sanduku alisoma. Tulijua kwa alama zile mbili za rangi ya buluu.

Yeronimo na Augustino hawakuonana kamwe kwa macho. Mwaka 415 Augustino, sasa mtu mzima wa miaka zaidi ya sitini, alikuwa na maswali mengine mawili mazito, moja juu ya asili ya roho ya mtu, lingine juu ya neno la barua ya Yakobo. Akayaandika yote kwa Yeronimo, na mara hii akampa mtu aliyekuwa anakwenda Bethlehemu kweli, padri Orosius. Barua zilifika. Yeronimo alijibu kwa heshima kwamba nyakati ni ngumu na hana nafasi ya kuyashughulikia. Augustino aliziweka. Katika kitabu alichoandika uzeeni kuchunguza kazi zake mwenyewe, anaeleza kwamba muda wote Yeronimo alipokuwa hai hakutaka kuzitoa kwa watu, akitumaini huenda siku moja mzee yule angejibu, ili zitoke pamoja na jibu lake. Alizitoa alipokwisha kusikia kwamba Yeronimo amefariki.